Kuhamishia samaki na matumbawe kwenye tangi jipya la maji ya chumvi

Wengi hushika sana maji ya zamani, wakidhani ndiyo yanayolinda samaki. Lakini bakteria wanaogeuza amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kuwa nitriti, kisha nitrati, wamejishika kwenye mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake, na kwenye chujio. Majini wako wachache mno. Hata ukihama na maji yote, mawe yakikauka juani umepoteza kisafishaji chako, na siku ya pili samaki wataanza kuhema juujuu.

Tuchukue mfano wa kutoka tangi la lita 200 kwenda la lita 400. Siku tatu kabla, jaza tangi jipya maji ya bomba, liache siku nzima uone kama linavuja na kama limekaa sawa, kisha limwage. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, litahitaji lita 340 hivi. Za zamani chukua lita 100 zilizo safi, nyingine changanya mapema: maji yaliyochujwa lita 240, na chumvi ya akwariamu kilo 9 hivi, yaani gramu 36 hadi 39 kwa lita. Chumvi ya mezani haifai, haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Acha pampu ikoroge saa 24, hita ikiwa kwenye nyuzi 25, kisha pima kwa refraktometa, kifaa kinachoonyesha ukali wa chumvi majini. Lengo ni kulingana na tangi la zamani: likisoma 1.027 kwa sababu ya maji kukauka, lishushe polepole hadi 1.025 wiki moja kabla.

Siku yenyewe, zima hita kwanza na uiache ipoe. Hita ya kioo ikibaki nje ya maji ikiwa inawaka hupasuka.

Vuta maji safi ya juu kabla hujagusa kitu. Toa matumbawe, kisha mawe, vyote kwenye ndoo zenye maji ya zamani; sponji za bahari zisitoke majini hata dakika moja. Samaki waache wa mwisho. Ukiwakimbiza mawe yakiwa bado ndani watajificha, nawe utatibua mchanga. Maji yakibaki sentimita 15 watashikika kwa urahisi. Kangaja mchote kwa bakuli la plastiki, kwa maana ule mwiba wa mkiani hunasa kwenye wavu. Kila ndoo iwe na mfuniko na pampu ya hewa, ya betri kama umeme wenu hukatika. Jongoo bahari apewe ndoo yake: akishtuka anaweza kutoa sumu inayoua samaki.

Mchanga wa zamani usiuhamishe. Chini yake mna uchafu wa miaka. Ukishatibuliwa unaona weusi na kusikia harufu ya yai bovu, na amonia hupanda siku hiyohiyo. Chota kikombe kimoja tu cha juu, ukipande kwenye mchanga mpya uliooshwa.

Mawe yakae juu ya kioo, mchanga ufuate, sentimita 3 hadi 5. Ukianza na mchanga, kamba wachimbaji watauchimbua chini ya mawe yaporomoke. Mimina maji juu ya sahani yasichafuke.

Joto na chumvi vikilingana, samaki huingia baada ya dakika 20. Kamba na konokono watilie maji mapya tone kwa tone kwa saa moja. Wapole watangulie, wagomvi wafuate.

Pima amonia kila siku kwa wiki moja na punguza chakula kwa nusu. Ikifika 0.25 mg kwa lita, badilisha robo ya maji, kwa hiyo uwe na lita 100 tayari. Taa mpya kali zianze kwa kuwaka muda wa saa 4 tu kwa siku, la sivyo matumbawe yatapauka.

Anemoni, yule mnyama laini mwenye minyiri, mhamishe na jiwe lake. Akiwa kwenye kioo, mbandue taratibu kwa ukucha kuanzia pembeni, maana mguu uliochanika huoza. Siku za mwanzo hutangatanga, hivyo funika midomo ya pampu kwa sponji mpaka akae mahali pamoja wiki nzima.