Amichevole: kulitamka na kulitumia neno la Kiitaliano la kirafiki

Hospitali ya Lacor kule Gulu ilianzishwa na wamisionari wa Comboni, shirika la Kikatoliki lenye asili ya Italia, mwaka 1959, na mpaka leo si ajabu kukutana na Mwitaliano kaskazini mwa Uganda. Ukitaka kumsifu mtu au mazungumzo kwa lugha yake, amichevole, yaani "-a kirafiki", litakufaa, ila si kila mahali.

Anza na matamshi. Ch yao husomwa k, si ile ya chai: a-mi-KE-vo-le. Mkazo uko silabi ya tatu kutoka mwisho, na hapa mazoea ya Kiswahili yatakuponza, utajikuta unasema a-mi-ke-VO-le.

Sarufi yake ni nyepesi. Halijali kike wala kiume: un tono amichevole (sauti ya kirafiki, tono ni la kiume), una lettera amichevole (barua ya kirafiki, lettera ni la kike). Kwa wingi, -e ya mwisho huwa -i: consigli amichevoli, yaani ushauri wa kirafiki.

Un'amichevole peke yake ni mechi ya kirafiki. Apostrofi imekuja kwa sababu partita (mechi), neno lililoachwa, ni la kike. Kumaliza ugomvi in via amichevole ni kuelewana bila kwenda mahakamani. Na kule Italia, madereva waliogongana hujaza fomu ya bima iitwayo constatazione amichevole, wakatia saini wote wawili, hata kama wamenuniana.

Penye utelezi ni kwa watu. Amichevole hueleza namna mtu anavyokutendea. Mcheshi anayependeza kukaa naye ni simpatico, sim-PA-ti-ko. Mwanamke ni simpatica. Wingi wake una mtego: simpatici husomwa kwa chi kama ya chini, simpatiche kwa ke. Na aliyezoea Kiingereza asidhani lina maana ya huruma. Msibani halina kazi.

Kusema fulani anakupendeza, anayependeza ndiye kiima, na mi ni "kwangu": mi è simpatico. Wakiwa wengi, mi sono simpatici. Ukisema sono simpatico, bila ile mi, umejisifu mwenyewe.

Katika barua ya kikazi yaache yote mawili. Fungua kwa Gentile, kisha cheo na jina la ukoo (Gentile Dottoressa fulani), funga kwa Cordiali saluti. Un caro saluto mwekee uliyekwisha kuzoeana naye.