Jinsi ya Kuandika Kipindi cha Mashujaa Vijana Walionaswa Katika Ulimwengu wa Mizimu
Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa mazungumzo, amua sheria za ulimwengu wa mizimu: nani huingia, kwa njia gani, na kutoka humgharimu nini. Sheria hizo ziwe chache, na mtazamaji azione zikifanya kazi badala ya kuhadithiwa na mzee mwenye busara, mbinu ambayo kwa kweli imekwisha kuchosha. Kwa mfano, kijana aliyezoea kuwasha moto kwa viganja anyooshe mkono kama kawaida yake, ukatoka moshi baridi tu. Papo hapo tutajua kwamba nguvu zake hazivuki mpaka. Kila shujaa akutane na mzimu unaomjua yeye hasa, kwani hofu iliyoandikwa kwa ajili ya wote huishia kutomtisha yeyote. Waandishi wa filamu hukadiria kwamba ukurasa mmoja wa mswada ni sawa na dakika 1 ya picha, hivyo kipindi cha dakika 45 hakina nafasi ya mizimu mingi, miwili yatosha. Mlango wa kutokea uonekane mapema, pengine nyuma ya mhusika asiyeutazama, na gharama ya kuupita imwangukie yule ambaye tangu mwanzo alikataa katakata kuwaacha wenzake.