Babu alikuwa raia wa nani? Namna ya kusoma karatasi za Kenya ya mkoloni

Mimi ni karani kwa wakili hapa Mombasa, na wajukuu hunijia na bahasha kuukuu wakitaka kujua kama marehemu babu yao alikuwa Mwingereza. Wengi huanza kunitajia ukoo. Acha ukoo kwanza, niambie alizaliwa wapi.

Tangu 1920 Kenya ilikuwa nchi mbili kisheria. Bara ilikuwa koloni. Ukanda wa pwani wa maili 10, kuanzia huku Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu, ulikuwa himaya: ardhi ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiitawala kwa mkataba wa 1895. Basi chukua ndugu wawili, mmoja kazaliwa Voi, mwingine Kibokoni hapa Mombasa. Sheria ya uraia ya Uingereza ya 1948 ilimfanya wa Voi raia wa Uingereza na Makoloni. Wa Kibokoni, kwa kawaida, alibaki mtu wa himaya tu, yaani chini ya ulinzi wa Mwingereza bila kuwa raia wake, isipokuwa baba yake awe na uraia ule. Fungua pasipoti usome mstari wa hadhi ya mwenyewe, jalada lisikubabaishe.

Kisha nenda kwenye tarehe 12 Desemba 1963. Mzaliwa wa Kenya, awe wa koloni au wa ukanda, ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya, aliamka raia wa Kenya bila kuomba. Lakini kama wazazi wote wawili walizaliwa Gujarat kule India au Hadhramaut kule Yemen, ilimbidi aandikishwe, na mlango ule ulifungwa baada ya miaka 2. Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Kinachotakiwa ni cheti cha kuandikishwa. Nimeletewa risiti ya ada iliyotiwa fremu na kioo, ikatunzwa kama hati ya shamba. Risiti inaonyesha alilipa, haionyeshi alikubaliwa. Tafuta pia karatasi ya kuukana uraia wa awali, maana Kenya haikuruhusu uraia wa nchi mbili hadi katiba ya 2010.

Aliyebaki na pasipoti ya Uingereza msimdhanie alikuwa na njia ya kwenda London. Machi 1968 Uingereza ilipitisha sheria, bungeni kwa siku 3 tu, ikataka mwenye pasipoti kama hiyo awe yeye, mzazi au babu yake na bibi yake mmojawapo amezaliwa Uingereza kwenyewe, au amepata uraia huko. Wahindi wa Nairobi ndio walioumia zaidi, na kwa maoni yangu ndivyo ilivyokusudiwa.

Cheti cha kuzaliwa wazee wengi hawana. Uliza daftari za madrasa, za kanisa, au za shule, kisha Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Kwa wakili nenda na nakala za kila ukurasa, hata ule wenye muhuri mtupu. Asili ziache kabatini.