Kiwele kinachonyamaza ndicho kinachokula faida

Mvua imekesha Nzega. Asubuhi unaingia zizini unakuta ng'ombe uliyemkamua vizuri jana jioni amesusa majani. Robo moja ya kiwele imevimba, ina moto, na ukiikamua yanatoka majimaji yenye mabonge. Huo ni ugonjwa wa kiwele, mastitisi. Hapo kila mfugaji humpigia simu ofisa mifugo, na ni sawa kabisa. Mimi lakini humtazama zaidi ng'ombe wa pili, yule anayecheua kwa raha na kutoa maziwa meupe.

Huyo wa kwanza, kwenye tope na samadi ya masika, mara nyingi ameingiliwa na E. coli. Bakteria huyu ana utando wa nje wenye molekuli iitwayo lipopolisakaridi. Mwili wa ng'ombe hautengenezi kitu cha aina hiyo, na ng'ombe huzaliwa akiwa na vipokezi vya kukinasa, kikiwemo kile cha TLR4. Hahitaji kuwa amewahi kuugua wala kuchanjwa. Kikinaswa, mwano, yaani yowe la hatari, unapigwa. Kama sungusungu wanaotoka kila nyumba, seli nyeupe humiminika kutoka kwenye damu hadi kwenye maziwa ndani ya saa chache. Uvimbe na homa unavyoviona kwa kiasi kikubwa ni vurugu za walinzi hao, nazo zikizidi zinaweza kumuua ng'ombe. Usisubiri kesho.

Ng'ombe wa pili huenda amebeba Staphylococcus aureus, bakteria asiye na lipopolisakaridi. Yeye hutambuliwa kwa molekuli nyingine za ukuta wake, kupitia kipokezi cha TLR2, na mwano wake huwa hafifu. Hukaa miezi kiweleni, wengine wakijificha ndani ya seli za ng'ombe ambako dawa huwafikia kwa shida. Maziwa hupungua kidogo kidogo, na lawama zote wanabebeshwa kiangazi na majani makavu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Macho hayatamwona, ila seli nyeupe zilizoitwa, hata chache, huacha ushahidi. Ndiyo kazi ya kipimo cha CMT (California Mastitis Test), cha kugundua mastitisi kwenye maziwa: kisahani chenye vyumba vinne, kila chuchu chumba chake. Tupa michirizi ya kwanza, kamua kidogo, tia dawa ya kipimo kiasi sawa na maziwa, zungusha taratibu. Dawa hiyo hupasua seli, na vinasaba vya seli hizo hufanya mchanganyiko uwe mzito kama uji. Ukibaki mwepesi, kwa kawaida robo hiyo ni nzima. Pima kila mwezi; ni kazi ya dakika chache.

Bakteria huyu mnyamavu husafiri kwa mikono ya mkamuaji na kitambaa kinachozungushwa zizi zima. Kwa hiyo nawa kwa sabuni kila unapohama ng'ombe, kila ng'ombe awe na kitambaa chake, na mwenye robo mbovu akamuliwe mwisho. Na hii tabia ya kumwagia kiwele kizima ndoo ya maji kisha kukamua kikiwa kinachuruzika iachwe: uchafu wote unashukia kwenye chuchu. Safisha chuchu, kausha, ndipo ukamue. Ukimaliza, zichovye kwenye dawa ya iodini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, halafu mpe ng'ombe majani akiwa amesimama. Tundu la chuchu hubaki wazi kama nusu saa au zaidi baada ya kukamua. Akilala kwenye samadi wakati huo, umemkaribisha E. coli.

Dawa ya antibiotiki atoe mtaalamu, dozi iishe, na maziwa yasinywewe wala kuuzwa hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Ndama naye asipewe maziwa ya robo mbovu. Robo ikiendelea kuwa uji baada ya matibabu kamili kurudiwa, zungumza na ofisa mifugo juu ya kumwondoa ng'ombe huyo. Aende machinjioni siku za dawa zikiisha; usimpeleke mnadani kumuuzia mwenzako kama ng'ombe wa maziwa.