SOMO: Kumsindikiza mzazi kliniki ya presha na sukari bila kuwa mshika mkoba tu

Wakuu, salaam. Wengi humu tuna mzazi wa kliniki ya presha au kisukari, na kila tarehe ikifika mmoja wetu anatumwa kumpeleka. Kazi yenyewe huishia kushika mkoba, kukaa foleni na kulipia bajaji. Leo tuone namna ya kutoka kwenye benchi la nje na kushiriki maamuzi, kwa ruhusa ya mzee mwenyewe. Kitu kikubwa hapa ni karatasi moja tu.

Hatua ya 1: Mwaga dawa zote mkekani

Hapa ndipo penye kazi, usipakimbie. Omba dawa zote: za kwenye droo, za kwenye pochi, masalia ya mwaka jana, hata alizopewa na jirani (wazee huazimana dawa kama chumvi, tusidanganyane). Soma kila boksi. Jina kubwa la mbele mara nyingi ni la kiwanda. Tafuta maandishi madogo chini yake, hilo ndilo jina la dawa yenyewe. Unaweza kukuta maboksi mawili ya rangi tofauti, moja la hospitali na jingine la duka la dawa, yote ni amlodipini 5 mg (dawa ya presha), na mama anameza yote akijua ni dawa mbili. Miguu ikivimba mnasema uzee, kumbe uvimbe wa vifundo vya miguu ni athari inayojulikana ya amlodipini, na huongezeka kadiri dozi inavyoongezeka.

Kwenye karatasi andika jina la dawa, miligramu, na saa anazokunywa kweli, siyo zilizoandikwa kwenye bahasha. Bahasha inasema 1x2 (kidonge kimoja mara mbili kwa siku), mzee anameza asubuhi tu kwa sababu ya usiku inamwamsha kukojoa kila saa. Hilo daktari anapaswa kuliona. Andika pia diklofenaki na brufeni, zile za maumivu ya magoti. Watu hawazihesabu kama dawa, ilhali zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Malizia na dawa yoyote iliyowahi kumdhuru.

Hatua ya 2: Pima nyumbani, andika

Mashine ya kufunga mkono wa juu ni bora kuliko ya kifundo cha mkono. Akojoe kwanza, kisha akae kimya dakika 5, ameegemea, nyayo chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Hakuna kupiga stori mashine ikijaa upepo. Pima asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa wiki moja kabla ya kliniki, na uandike namba zote mbili. Wapo wazee ambao presha hupanda wakiona tu koti jeupe. Bila kumbukumbu za nyumbani wanaweza kuongezewa dozi wasiyoihitaji.

Sukari vilevile: andika kama alipima kabla ya kula au baada.

Hatua ya 3: Maswali matatu, siyo kumi na tano

Dakika za daktari ni chache. Yachagueni usiku wa kuamkia kliniki, na la kwanza liwe linalomsumbua mzee, siyo linalokusumbua wewe.

Hatua ya 4: Ndani kwa daktari

Mama akiulizwa anajisikiaje, usidakie. Mwache ajibu, wewe toa karatasi. Dawa ikibadilishwa, rudia kwa maneno yako: "Kwa hiyo daktari, hii ya zamani tunaacha kabisa, hii mpya anaanza leo usiku?" Uliza na dalili za kuwarudisha kabla ya tarehe. Kwa mfano, akianzishwa enalapril au lisinopril (nazo ni dawa za presha) kisha kikohozi kikavu kisiishe, rudini mkaseme. Mbadala upo.

Hatua ya 5: Maamuzi mazito

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa ya upasuaji, ulizeni: kitafanyika nini hasa, kuna njia nyingine, tukisubiri itakuwaje, na nini bima hailipi. Mwenye uamuzi ni mgonjwa maadamu ana akili timamu. Siyo kaka mkubwa, wala aliyetuma hela nyingi. Chagueni msemaji mmoja, maana watoto watano wakimfuata daktari kila mmoja na lake, mgonjwa ndiye anayeumia.

Mkipewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, au hospitali kubwa kama Bugando, KCMC au Muhimbili, itunzeni barua. Ukiruka ngazi bila hiyo, bima inaweza kukugomea.

Dharura haina kikao cha familia. Uso kupinda, mkono mmoja kukosa nguvu au maneno kutotoka vizuri ni hospitali saa hiyohiyo.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tanga: Presha ya baba sasa ni 120/80. Si tuache dawa?
Jibu: Hapana mkuu. Imekaa hapo kwa sababu anakunywa dawa. Mpeleke na karatasi yake. Akipunguziwa, apunguziwe na daktari.

Mdau wa Morogoro: Mama anatumia na majani ya kienyeji ya sukari. Anaogopa kufokewa akisema.
Jibu: Dada, yaandike kwenye karatasi kama dawa nyingine, kwa jina mnalolitumia nyumbani. Sukari ikishuka ghafla akaanza kutetemeka na kutoka jasho, daktari asiyejua kuhusu majani atarekebisha dawa isiyo na kosa. Kufokewa kupo, siwezi kukudanganya. Ndiyo maana uwepo.

Mdau wa Iringa: Mzee hataki niingie naye kwa daktari.
Jibu: Ni haki yake, usilazimishe. Huenda kuna jambo hawezi kulitamka mbele ya mtoto. Nguvu za kiume kupungua ni kawaida kwa wenye kisukari. Mpe karatasi aingie nayo, au mwombe uitwe mwishoni kusikia maelekezo ya dawa tu.

Mdau wa Muscat: Mimi nipo mbali, natuma pesa tu. Nashirikije?
Jibu: Omba picha ya karatasi kila inapobadilika, na upige simu jioni ya siku ya kliniki uongee na mama mwenyewe, siyo na mdogo wako pekee. Na usitume dawa kutoka huko kabla ya kulinganisha lile jina dogo na zilizopo nyumbani.