Kusoma ripoti ya mauzo ya nafaka ya FAS bila kuhesabu mara mbili

FAS ni kitengo cha Wizara ya Kilimo ya Marekani kinachoshughulikia biashara ya mazao na nchi za nje. Kila Alhamisi saa 2:30 asubuhi, kwa saa za Washington, hutoa ripoti ya mauzo ya nje ya wiki iliyoishia Alhamisi iliyotangulia. Kilichozaa ripoti hii ni mwaka 1972: Umoja wa Kisovieti ulinunua nafaka nyingi kimyakimya, soko likagutuka baadaye, bei zikapanda. Sasa kampuni inayouza nje hulazimika kutangaza.

Anza na safu tatu: mauzo halisi ya wiki, shehena zilizoondoka, na mauzo yanayosubiri meli. Mauzo halisi ni mikataba mipya ukitoa iliyofutwa, kwa hiyo hasi si kosa la uchapaji. Mkataba unaweza kufutwa hata miezi kadhaa baada ya kutangazwa. Ukitaka kujua nafaka iliyotoka kweli, tazama shehena.

Panapowakwaza wengi ni mstari wa "nchi isiyojulikana". Muuzaji husajili tani 60,000 bila kumtaja mnunuzi; wiki tatu baadaye nchi inatajwa. Ripoti itaongeza 60,000 kwa nchi hiyo na kuzitoa kwenye mstari wa isiyojulikana. Hakuna kilichouzwa upya. Soma mistari yote miwili kabla ya kusema nchi fulani imeongeza manunuzi.

Mauzo ya tani 100,000 au zaidi ya zao moja, kwa siku moja, kwenda nchi moja, lazima muuzaji ayaripoti kwa FAS kabla ya saa 9 alasiri ya siku ya kazi inayofuata, kisha FAS huyatangaza. Tani hizo hizo zitarudi kwenye ripoti ya Alhamisi, usizijumlishe tena.

Angalia pia msimu wa mauzo. Wa ngano huanza Juni 1, wa mahindi na soya Septemba 1. Mwezi Agosti mahindi huwa na safu mbili, msimu wa zamani na mpya. Mauzo ya zamani ambayo hayajapakiwa huhamishiwa msimu mpya, na grafu inaruka bila sababu ya kibiashara.

Kwa picha ya nchi nzima fungua PSD, hifadhidata ya FAS ya uzalishaji, ugavi na usambazaji wa mazao. Jumlisha akiba ya mwanzo, mavuno na uagizaji. Toa matumizi ya ndani na mauzo ya nje. Kinachobaki ni akiba ya mwisho. Takwimu ziko katika maelfu ya tani, na mchele huhesabiwa ukiwa umekobolewa. Ripoti za waambata wa kilimo, yaani maofisa waliopo katika balozi za Marekani, huweza kutofautiana na PSD, kwani si takwimu rasmi za wizara. Zisome hata hivyo. Humo ndimo sababu zilimo. Bei za soko la mazao la Chicago ni kwa busheli, kipimo cha nafaka cha Marekani: tani moja ya mahindi ni busheli 39.37, ya ngano 36.74.

Msaada wa chakula una hesabu yake. Chini ya mpango wa Food for Progress, ulioanza 1985, nafaka iliyotolewa bure inaweza kuuzwa katika nchi inayopokea ili fedha zigharimie miradi ya kilimo. Nafaka hiyo inaingia sokoni, na inaweza kushusha bei. Unapokadiria bei ya nchi hiyo, linganisha tarehe ya meli kufika na wiki za mavuno.