Kabla ya kununua kontroli boksi, pima nyaya mbili hizi

Masika yaliyopita mama mmoja aliniletea gari gereji, Tabata. Taa za dashibodi zilikuwa zimewaka karibu zote, na mshale wa spidi umelala kwenye sifuri huku gari linatembea. Akipita kwenye shimo, mshale unaamka, halafu unalala tena. Alikokuwa ametoka aliambiwa kontroli boksi ya injini, yaani kompyuta yake, imekufa, na tayari alikuwa anachangisha fedha ya kununua nyingine. Lakini injini ilikuwa inawaka mara moja na kuvuta vizuri! Boksi iliyokufa haiwezi kufanya hivyo. Iliniuma sana, kwa sababu hakuna aliyepima hata waya mmoja.

Gari la siku hizi lina boksi nyingi: ya injini, ya gia, ya ABS (breki zinazozuia magurudumu yasikwame), ya usukani wa umeme, na dashibodi yenyewe ni kompyuta. Mwendo hupimwa na sensa za ABS kwenye magurudumu. Katika magari mengi boksi ya ABS ndiyo inayoutangaza mwendo huo. Dashibodi inausikia na kusogeza mshale, boksi ya gia inausikia na kujua ibadili gia lini. Zamani kila taarifa ilivutiwa waya wake, na mafurushi ya nyaya yakawa mazito kupita kiasi. Mwaka 1986 Bosch walitangaza njia ya CAN: nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja, na boksi zote zinaongelea hapo.

Mazungumzo hayo hayana mwenyekiti. Kila ujumbe una namba yake. Boksi mbili zikianza kusema kwa wakati mmoja, yenye namba ndogo inaendelea, nyingine inanyamaza na kusubiri njia iwe wazi. Hakuna ujumbe unaoharibika. Njia kuu ya magari mengi hupitisha biti 500,000 kwa sekunde, kwa hiyo huhisi kusubiri huko.

Nyaya zikitulia, kila mmoja una volti 2.5 hivi. Boksi ikisema, mmoja unapanda hadi 3.5 na mwenzake unashuka hadi 1.5. Msikilizaji anaangalia tofauti kati yao. Ndiyo sababu zimesokotwa: kelele ya umeme wa koili ikiingia, inaingia kote kuwili sawasawa, na tofauti inabaki ileile. Kila mwisho wa njia kuna rezista (kipingamizi cha umeme) ya omu 120 inayozuia mawimbi yasirudi nyuma. Mara nyingi zimejificha ndani ya boksi mbili za mwisho.

Sasa chukua mita. Tafuta soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya kupimia gari, chini ya dashibodi upande wa dereva. Ukiitazama safu ndefu ikiwa juu, hesabu kutoka kushoto: tundu la 6 ni waya unaopanda, na la 14, lililo chini yake moja kwa moja, ni waya unaoshuka. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 hayana kitu kwenye matundu hayo, kwa hiyo chungulia kwanza. Zima gari, toa terminali ya betri, subiri dakika chache, kisha pima omu kati ya 6 na 14. Usipime omu betri ikiwa bado imeunganishwa, mita itakudanganya. Na usiguse kabisa nyaya hizi kwa taa ya kujaribia yenye balbu, inaweza kuua boksi nzima.

Rezista mbili za 120 zikiwa sambamba zinatoa 60. Ukiona 60, ncha zote mbili zinafikika. Ukiona 120, njia imekatika mahali na mwisho mmoja haufikiki. Ukiona 40, kuna mtu ameongeza kifaa chenye rezista ya tatu. Ukiona karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Chomoa boksi moja moja huku ukitazama mita. Usishtuke ukichomoa yenye rezista, itapanda tu hadi 120.

Kisha rudisha betri, fungua swichi, upime volti ukitumia tundu la 4 kama hasi. Tundu la 6 litakupa kama 2.6, la 14 kama 2.4. Jumla yake ikae karibu na 5. Waya mmoja ukionyesha 12, umegusana na chanya mahali.

Gari la yule mama lilionyesha 120. Mashine ya kupimia nayo ilikuwa na kodi ya hitilafu U0155 kutoka boksi kadhaa. Kodi zinazoanza na U ni malalamiko ya wengine: "fulani simsikii." Usimlaumu anayelalamika, mtafute asiyesikika. U0100 ni injini, U0121 ni ABS, U0155 ni dashibodi. Mwisho mmoja haufikiki, na asiyesikika ni dashibodi, basi nikaenda nyuma yake. Kioo cha mbele kilikuwa kimebadilishwa miezi michache nyuma, gundi haikushika kona moja, na maji ya mvua yalikuwa yanachirizika hadi kwenye plagi ya nyaya. Pini moja ilikuwa na kutu ya kijani, nikaivuta kwa kibanio ikakatika mkononi.

Nilikata hadi kwenye shaba inayong'aa, nikafunga pini mpya, nikachomelea kwa risasi, nikavika mpira unaobana ukipashwa joto, kisha nikazisokota nyaya upya hadi karibu kabisa na plagi. Msokoto ukiuacha wazi urefu wa kiganja, umekaribisha kelele. Mita ikasoma 60. Kabla sijafuta kodi nilimpeleka yule mama kwenye njia ya mashimo nyuma ya gereji, tukazunguka mara tatu, macho yake yote yakiwa kwenye mshale. Haukulala. Nikamwambia apitie kwa fundi wa vioo kwanza, kabla mvua nyingine haijanyesha.